Tashihisi Sokoni

Washairi wetu wameizoea tashihisi: upepo hunong'ona, bahari hughadhibika, mnazi huinama kusalimu. Msomaji hadanganyiki; anajua sauti ile ni ya malenga, naye huipokea kwa hiari. Huko Marekani yuko mwanazuoni wa masoko aliyeipima tashihisi kwa hesabu, na kazi yake yastahiki kusomwa na wapenzi wa ushairi.

Jennifer Aaker alisoma saikolojia Berkeley, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Makala yake ya mwaka 1997 ndiyo iliyompa jina. Humo watu 631 walizipima chapa 37 za bidhaa kwa sifa 114 za kibinadamu, kana kwamba kila chapa ni mtu. Majibu yakajipanga katika tabia tano: unyofu, uchangamfu, umahiri, umaridadi na ukakamavu. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoka nje ya Marekani. Japani, mahali pa ukakamavu pakakaliwa na utulivu. Uhispania ikajitokeza shauku. Uzuri wa kazi hii ndio huo: imekiri kwamba kila jamii huvivisha vitu utu kwa mila zake.

Hata hivyo, lipo swali ambalo vipimo hivyo havikuligusa: kitu kinaposema, sauti ni ya nani? Watu wa pwani tuna haki ya kuuliza, kwani kanga zetu husema. Kanga yenye alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla", ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887, ina chapa na ina jina. Chapa ni ya mwenye mali. Lakini jina, mwanamke akishajifunga, huwa neno lake mwenyewe kwa jirani, kwa mume, au kwa mke mwenza. Mnunuzi ndiye msemaji. Chapa anayoipima Aaker humsemesha mnunuzi, wala haimpi ulimi.

Kitabu cha The Dragonfly Effect (2010), alichokiandika pamoja na mumewe, Andy Smith, kinahusu mitandao ya kijamii, nacho kimelikaribia swali letu. Chasimulia jinsi marafiki wa Sameer Bhatia, mgonjwa wa saratani ya damu, walivyomtafutia uboho mwaka 2007. Katika majuma 11 walijiandikisha watu zaidi ya 24,000 wenye asili ya Asia ya Kusini. Bhatia alifariki mwaka 2008. Kilichowagusa watu ni binadamu hasa, si kitu kilichovishwa utu. Ila waandishi wameiweka simulizi hiyo pamoja na mifano ya makampuni yatafutayo wateja, chini ya kanuni zilezile nne, mithili ya mbawa nne za kereng'ende.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mbawa zaweza kuwa sawa, mzigo si mmoja. Mshairi aupaye upepo ulimi hatuombi fedha, wala hajifichi nyuma ya upepo. Mwenye chapa naye ajitokeze, tumjue anayesema.