Kusoma Kutu

Nilimpigia mzee simu ya video nikiwa kaskazini mwa London, gitaa limelazwa juu ya meza ya jikoni ya mtu, mwenye nyumba, aliyekuwa akiliuza, anachemsha chai. Nilidhani angeanza na bei. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Sogeza simu kwenye daraja, mwanangu. Hapo hapo. Usitikisike."

Mzee amepiga besi Dar es Salaam tangu ujana wake, zama ambazo bendi kubwa za dansi zilikuwa mali ya mashirika, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964. Vyombo vilikuwa vya shirika. Mwanamuziki akihama bendi alitoka mikono mitupu na gitaa likabaki linamsubiri mwingine. Kwa hiyo alizoea tangu zamani kushika kitu kilichokwisha kushikwa na watu wengi, na kujua, kabla hajapiga hata sauti moja, aliyemtangulia alikuwa mtu wa namna gani.

Lililokuwa mezani ni Fender Precision, besi aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951 kule Fullerton, California, na ambayo tangu mabadiliko ya 1957 umbo lake halijapishana sana na la leo. Muuzaji alisema ni la 1964 na kila kitu ni cha kiwandani. Mwaka huo una utamu wake sokoni: Januari 1965 kampuni ya Fender ilinunuliwa na kampuni ya CBS, na wanunuzi wa vitu vya kale wakachora mstari pale, wa kabla na wa baada, hata kama gitaa lililotengenezwa wiki mbili baadaye lilipita mikononi mwa mafundi wale wale.

Namba nilikuwa nimejifunza kuzisoma. Ile iliyochorwa kwenye kibati nyuma ya shingo ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, maana kibati kimeshikwa na skrubu nne tu na mtu mwenye bisibisi anaweza kukihamisha kabla wali haujaiva. Afadhali mhuri wa mwezi na mwaka uliopigwa kwenye kitako cha shingo, ingawa kuuona lazima shingo ifunguliwe. Muuzaji akikataa isifunguliwe, maliza chai yake na uage. Bora zaidi ni poti, vile vidude vya kupandisha na kushusha sauti, ambavyo mgongoni vina namba ya kiwanda chao ikifuatwa na mwaka na wiki. 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Poti haikwambii gitaa lilizaliwa lini, inakwambia tu kwamba halikukamilika kabla ya siku ile. Ndiyo maana magitaa ya 1967 hadi 1969 hukutwa na poti za 1966: Fender walinunua shehena kubwa wakaitumia kwa miaka.

Haya yote yanasomeka kwenye vitabu. Alichokuwa akikitazama mzee hakisomeki humo.

Kwenye daraja la Precision, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, kuna vigogo vinne vya chuma, kila uzi na chake, vyote juu ya bamba moja. Mpigaji anayezima sauti kwa kiganja hulaza upande wa mkono karibu na uzi mnene. Jasho lina chumvi, na chumvi hula mchovyo wa kung'aa ukaisha, chuma kikapauka, kikapiga weusi, kisha kikashika kutu. Kutu ya namna hiyo ina mwelekeo. Inaanzia kwenye kigogo cha uzi mnene, inapungua kuelekea mwembamba, na chini ya bamba, mahali mkono usipofika, mng'ao wa zamani bado upo. Mtu anayezeesha gitaa jipya kwa mvuke wa asidi hupata kutu nzuri sana machoni, ila imelala sawa kila mahali, juu, chini na kwenye pembe. Asidi haina kiganja.

"Geuza kidogo," mzee akasema. "Hiyo skrubu ya tatu si ndugu yao."

Nikainama. Kweli. Nne kati ya tano zilizoshikilia daraja zilikuwa za kijivu, njia zake za bisibisi bado kali. Ya tatu ilikuwa na weupe wa duka la vifaa, na kichwa chake kimeliwa kama cha skrubu iliyofunguliwa mara nyingi na mtu mwenye haraka. Mimi nilikuwa nimeipita mara mbili.

Kando ya daraja palikuwa na matundu mawili yasiyo na kitu. Fender walikuwa wakiuza besi hizi na kifuniko cha kromu juu ya daraja, ndani yake sponji ya kufupisha mlio. Wapigaji wengi walikiondoa, na wapo waliokigeuza kibia cha majivu ya sigara. Kikikosekana, bei inashuka. Kikiwepo, kitazame kama kilikaa pale kweli: rangi iliyofunikwa kwa miongo kadhaa haipauki wala haigeuki manjano sawa na iliyo wazi, hubaki kivuli chenye umbo la kifuniko. Hapa kivuli kilikuwepo, lakini hafifu. Kifuniko kiliondoka mapema, na jasho la daraja likaungana na ushahidi huo. Vitu viwili visivyojuana vimesema neno moja.

Mpiga besi James Jamerson wa lebo ya Motown aliviacha vifuniko vyake mahali pake. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, vingine akiviegemeza juu ya chuma kinachofunika pikapu (naam, jina moja na gari, ila hapa ni kidude kinachonasa mlio wa nyuzi). Precision yake ya 1962 iliibwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983, na haijapatikana. Nikiwaza ikijitokeza siku moja, sidhani ningeanza na namba. Ningetazama kwenye kifuniko hicho, kama kromu imechakaa mahali vidole vyake vilipopumzika.

Zikabaki funguo za kukazia nyuzi. Hadi katikati ya miaka ya 1960 zilitoka kwa kampuni ya Kluson, kubwa, meno yake wazi. Mzee aliniambia niuzungushe ufunguo wa uzi mnene kidogo sana, nusu ya robo, kisha nirudishe, huku nikisikiliza. Ulizunguka kitambo bila sauti kubadilika, ndipo ukashika. Meno yamelika. "Huo umefanya kazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mfanyakazi mwenzake. Mtaalamu wa mnada angeuandika kama kasoro. Kwa mzee ulikuwa uthibitisho kwamba ufunguo na shingo vimezeeka pamoja, maana hapakuwa na tundu lililozibwa pembeni wala alama ya kibati kingine.

Hapo ndipo ufundi huu unaponichanganya na kunivutia. Ukibadilisha daraja lenye kutu kwa jipya, gitaa linapiga vizuri zaidi na linauzwa kwa bei ndogo zaidi. Ukilipaka rangi upya, wauzaji wengi hukata karibu nusu ya thamani. Mfuko wa nailoni wenye skrubu kuukuu na sponji iliyooza unaweza kukurudishia pesa nyingi kuliko mkoba mpya wa ngozi. Ninawashauri marafiki wamuulize muuzaji, kabla ya swali lingine lolote, kama mfuko huo upo.

Nikaomba ruhusa, nikafungua skrubu 13 za bamba la plastiki. Mgongoni mwa poti: 137, kisha 66. Risasi ya kulehemu iling'aa, iliyeyushwa upya na mkono wa baadaye. Shingo ilikuwa na mhuri wa 1964, sikuwa na shaka nayo. Muuzaji akatazama, akanyamaza, akaniongezea chai. Nadhani hakuwa akijua.

Tulipatana bei ya gitaa lililofanyiwa kazi, si ile ya kuwekwa kabatini. Poti zile zimebaki. Skrubu ya tatu nimeibadilisha kwa kuukuu niliyoinunua peke yake, kwa bei nisiyomtajia mke wangu. Ufunguo wa uzi mnene bado unalegea, na kila nikiuweka sawa naupitisha kwanza chini, kisha naupandisha.