Jioni na Mzee wa Kaunti: Wapenzi wa Kriketi, Mnakosa Uhondo!

Niseme mapema kabla pumzi haijakata: kama unaipenda kriketi hata chembe, na huko uliko kuna chama cha wapenzi wa mchezo huo, tafuta ratiba yao leo hii. Nimehudhuria kwa mara ya kwanza, hapa Leicester, na tangu nitoke ukumbini sijanyamaza. Nyumbani wameshaomba poo. Kazini wananikwepa kwenye ngazi. Basi nimeona nije kwenu, maana wasomaji hamna pa kunikimbilia.

Kwa asiyejua mambo haya: kriketi ya Uingereza ni mchezo wa kiangazi. Ligi ya kaunti huanza Aprili, Septemba mambo yanakwisha, kisha baridi inatua na saa kumi jioni kumeshakuwa giza. Mashabiki wa zamani waliona hawawezi kukaa miezi sita wakitazama ukuta, wakaunda vyama. Cha London kilianza 1945. Cha Wombwell, wakati huo mji wa wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, kikaanza 1951. Vingine vikafuata. Shughuli yao kuu ni ileile hadi leo: katika miezi ya baridi wanamwalika mtu aliyecheza, au aliyekuwa mwamuzi, au mwandishi, wanamkalisha mbele ya watu, naye anasimulia. Hakuna skrini kubwa wala matangazo ya biashara. Mtu, kiti, glasi ya maji, na maswali. Kiingilio hakifiki bei ya samaki na chipsi!

Msemaji wetu sitamtaja jina. Chama kiliomba hivyo: simulizi tuchukue, jina tuliache, ili mzee aseme bila kujichunga. Itoshe kujua kwamba alikuwa mrushaji wa kasi wa ligi ya kaunti, miaka ya 1970 na 1980, na timu ya taifa ya England hakuichezea hata mara moja. Hapo ndipo penye utamu! Nyota wakubwa wameshasimulia maisha yao hadi yamekauka. Kila swali utakalowauliza wana jibu la kwenye kitabu. Huyu alikuwa kibarua wa kriketi. Aliamka, akarusha mpira, akaumia mgongo, kesho yake akarusha tena. Mambo anayoyajua hajayauza kwa mtu.

Alianza kwa kutoa mpira mfukoni, nami nikasogeza kiti mbele bila hata kuomba radhi.

Ulikuwa mpira mwekundu wa ngozi, mzee kama mwenyewe, upande mmoja ung'avu na upande wa pili umechubuka. Akatuzungusha nao mkono kwa mkono, kila mtu aushike. Mpira wa kriketi una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, si kitu, lakini ukiubonyeza kwa dole gumba haubonyei hata kidogo, na mshono unaouzunguka, safu sita za uzi, unausikia kwenye ngozi ya vidole hata ukifumba macho. Ulipofika kwangu sikutaka kuutoa. Jirani yangu alilazimika kukohoa.

Kisha akaonyesha. Kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono, gumba chini, kifundo cha mkono kimetulia. Upande uliong'arishwa unatazama huku, uliochakaa unatazama kule. Mpira ukiwa bado mpya, hewa inauvuta kuelekea upande uliochakaa. Ukishazeeka, na mrushaji akiwa na kasi ya kweli, unageuka: unakwenda upande unaong'aa, na mpigaji aliyezoea ule wa kwanza anaachwa ameinua gongo akipiga upepo. Haya nimeyasikia kwenye televisheni miaka nenda miaka rudi, na picha zao za kompyuta zenye mishale ya rangi. Sikuyaelewa hadi nilipoona kidole cha kati cha mzee huyu, kilichopinda kwenye kiungo cha juu, kikisogea unene wa uzi tu, na akatuambia hiyo ndiyo tofauti. Unene wa uzi! Mtu amekula mshahara wake wote wa ujana kutokana na unene wa uzi!

Na jasho na mate ya kuung'arisha mpira? Aliguna. Kupaka mpira mate kulipigwa marufuku 2020 kwa sababu ya korona, na marufuku hiyo ikawa ya kudumu. Yeye alikuwa akila peremende za mnanaa kutwa, mate yawe mazito. Meno yake, akasema, ndiyo yaliyolipa gharama.

Halafu akatuhamisha upande wa pili wa pichi, akawa mpigaji. Warushaji huwa wapigaji wabovu, naye hakujisifu. Alisimulia siku aliyotoka kumkabili Malcolm Marshall wa Hampshire, yule Mbarbados ambaye mwaka 1982 peke yake alichukua wiketi 134, yaani aliwatoa wapigaji mara 134, katika ligi ya kaunti. Marshall hakuwa mrefu kama wenzake wa West Indies, kwa hiyo mpira wake haukutoka juu. Ulikuja chini chini, ukateleza, ukakupanda. Mzee anasema alipofika kwenye vijiti hakumtazama Marshall. Aligeuka nyuma kumtazama mlinda wiketi wao. Bwana yule alikuwa anarudi nyuma. Akarudi tena. Akarudi hadi ikawa ukitaka kusema naye inabidi upige kelele. Mpigaji anajua maana yake: walinzi wanasimama pale ambapo wanatarajia mpira utafika ukiwa bado na nguvu. Pichi ina mita 20 na ushee, na mpira wa kilomita 140 kwa saa unakufikia ndani ya nusu sekunde hivi. Alidumu kwa mipira mitatu. Ukumbi mzima ulimpigia makofi kwa ile mitatu, na haki yake!

Habari za pesa zilinigusa kuliko nilivyotarajia. Mikataba ya enzi zile ilikuwa ya miezi sita, Aprili hadi Septemba. Oktoba hadi Machi kila mchezaji ajitafutie. Yeye aliendesha gari la kusambaza mikate. Ukitumikia kaunti yako miaka kama kumi, wanakupa mwaka wa kuchangiwa: mechi za hisani, chakula cha jioni, bahati nasibu, na kinachopatikana ni chako, ndicho kiinua mgongo. Mwaka wake ulipofika alizunguka baa moja baada ya nyingine akiuza tiketi mwenyewe, mchana amerusha ova ishirini, mipira sita kila ova, usiku amesimama na kitabu cha risiti mkononi. Alisimulia haya bila kulalamika, akicheka, nasi tukacheka naye. Lakini mama mmoja aliyekaa mbele hakucheka, nikamwona akiitazama mikono ya mzee.

Kasoro? Zipo, nisiwe shabiki kipofu. Kipaza sauti kilikuwa kinakwaruza. Mwenyekiti alimtambulisha mgeni kwa muda mrefu kiasi kwamba mgeni alianza kutazama saa. Na vijana walikuwa wachache mno. Mvi ziling'aa ukumbi mzima. Hayo yote niliyasahau chai ilipoletwa, maana hapa ni Leicester, bwana: kando ya mikate iliyokatwa pembetatu palikuwa na sambusa za moto na chatne ya ukwaju.

Kwenye mapumziko ndipo jioni ilipopanda daraja. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na meza ya vitabu vikuukuu, na kati yake mstari wa Wisden, kile kitabu cha mwaka cha kriketi chenye jalada la manjano kinachotoka tangu 1864. Nilikuwa nimeinama natafuta, huku nikijisemea kwa Kiswahili, mara nikasikia sauti pembeni.

"Wewe mtu wa wapi, bwana mdogo?"

"Mombasa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Kampala. Chukua ile ya 1976. Nitakuonyesha timu yetu."

Alikuwa mmoja wa maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na kuja kuujaza mji huu. Hakuhitaji kutafuta ukurasa kwa muda mrefu. Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Juni 1975, ova 60 kwa kila timu, nguo nyeupe, mpira mwekundu. Na ndani yake Afrika Mashariki! Timu moja ya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha Harilal Shah, na mwandishi wa Uganda, John Nagenda, akiwa miongoni mwa warushaji. Tulifungwa mechi zote tatu, na tulifungwa vizuri. Glenn Turner wa New Zealand alitupiga mikimbio 171 na hakutoka. Dhidi ya India, huko Leeds, Bishan Bedi alirusha ova 12 na katika 8 hatukupata hata mkimbio mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio 6. India wakafikisha 123 bila kupoteza wiketi, ukawa ushindi wao wa kwanza katika historia ya Kombe la Dunia. Mzee wa Kampala alinisomea takwimu hizi, akiweka kidole chini ya kila jina, kwa fahari ambayo sijaiona kwa watu walioshinda.

Basi uoga ukanitoka. Kipindi cha maswali kilipofika nikanyanyua mkono, nikamuuliza msemaji kama anamkumbuka Aasif Karim wa Kenya.

Jamani! Kabla msemaji hajafungua mdomo, sauti tatu nne zilishaanza kutaja namba zile: ova 8 na mipira 2, ova 6 bila mkimbio, mikimbio 7, wiketi 3. Wazungu wa Leicester, watu wazima, wanazijua kwa moyo namba za mtoto wa Mombasa! Durban, Machi 15, 2003. Kenya imepata 174 tu, Australia mabingwa wa dunia wanawafukuzia, Adam Gilchrist ameshavuna 67 kwa fujo. Kisha anapewa mpira Karim, mtu wa miaka 39, wakala wa bima aliyerudishwa kutoka kwenye ustaafu, aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi katika Davis Cup. Akamtoa Ricky Ponting. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg. Australia walishinda mechi, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa Karim.

Jibu la mzee ndilo nililotoka nalo. Alichukua mpira wake tena, akaugeuza mkononi. Waaustralia, alisema, walikuwa na njaa ya kasi. Mikono yao ilitaka kitu cha kugonga. Karim aliwanyima. Aliuachilia mpira polepole, kisha polepole zaidi, mahali palepale, mpira baada ya mpira, hadi mpigaji mwenyewe akaharakisha. Akaonyesha kwa mkono jinsi mrushaji wa aina hiyo anavyouzuia mpira kidogo kwenye vidole huku bega likienda kasi ileile, ili jicho la mpigaji lidanganyike. Alisema angetoa kidole chake kilichonyooka, akabaki na kilichopinda, ili apate ova sita kama zile siku moja ya maisha yake.

Baada ya hapo hapakuwa na mpangilio tena. Mtu wa nyuma akakumbusha kwamba Derek Pringle wa Essex na England alizaliwa Nairobi, na kwamba baba yake, Don, alikuwa kwenye ile timu ya 1975. Mwingine akamdai Basharat Hassan wa Nottinghamshire, naye wa Nairobi. Mwingine akamtaja Dipak Patel, Mnairobi aliyeichezea Worcestershire, ambaye New Zealand walimfungulia mechi kwa mipira ya kuzungusha katika Kombe la Dunia la 1992 na kuwachanganya watu akili. Rafiki yangu wa Kampala alikuwa anapiga meza.

Hukumu yangu: tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya kipaza sauti.

Na sasa nina neno na nyumbani. Wakenya waliowaangusha West Indies kule Pune, Februari 29, 1996, kwa kuwatoa wote wakiwa na mikimbio 93, wapo. Waliowapiga Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana mwaka 2003, siku Collins Obuya alipochukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, kisha wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, wapo. Wengine unapishana nao mitaani Nairobi na Mombasa bila kuwajua. Hawa tunawangojea Wazungu waje kuwaalika? Viongozi wa vilabu vya Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala: ukumbi mnao, viti mnavyo, chai haiwashindi. Mwiteni mmoja mwezi ujao, mpeni mpira ashike, mumwache aseme. Na tafadhali, leteni watoto wa shule wakae mbele.