Posa Isiyokuwa Posa: Kuigizwa Upya kwa Ngaahika Ndeenda na Hadhira ya Embu na Meru

Futuhi ya mapenzi yenye nyimbo ina kanuni yake. Vijana hupendana, mali au wazazi huwazuia, hila hutendeka, na mwishowe harusi hufungwa kwa ngoma. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ huifuata kanuni hii kisha huivunja. Makala haya yanadai kwamba maonyesho ya tamthilia hiyo ya Mei 2022 katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, Nairobi, chini ya uelekezaji wa Stuart Nash, yapimwe kwa kicheko chake, na kwamba kipimo kigumu zaidi cha kicheko hicho ni hadhira ya majirani wa Kikuyu, yaani ya Embu na Meru.

Msingi wa kicheko ni kosa. Kĩoi, tajiri, na mkewe Jezebel wanamtembelea kibarua Kĩgũũnda na mkewe Wangeci. Wenyeji wanadhani wageni wamekuja kumposea mwana wao, John Mũhũũni, binti yao Gathoni. La hasha, wamekuja kuwahimiza Kĩgũũnda na Wangeci wafunge ndoa kanisani. Mzee wa Runyenjes au wa Nkubu hahitaji kufafanuliwa hali hii: anajua kwamba wageni wa posa hawaitaji haja yao waziwazi. Kwa hiyo Wangeci si mjinga. Amezisoma ishara za kimila kwa watu waliokwisha kuziacha. Hadhira inayomcheka inajicheka yenyewe, na ndiyo maana maumivu ya baadaye yanaipata: hati ya ekari moja na nusu inawekwa rehani kwa ajili ya harusi hiyo, Gathoni anatiwa mimba na kuachwa, na shamba linanadiwa.

Mwaka 2022 tamthilia iliigizwa kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Kwa Kiingereza kisa kinaeleweka, lakini staha ya mzunguko wa maneno, ambayo ndiyo chemchemi ya kicheko, hupungua. Kwa Gĩkũyũ, Muembu hufuata mazungumzo bila taabu kubwa. Mmeru huhitaji msaada zaidi. Msaada huo umo katika fani yenyewe. Gĩtiiro, majibizano ya ndoa kwa wimbo na ngoma, hubeba hoja na si pambo. Mwelekezi akizifanya nyimbo kuwa mapumziko kati ya maonyesho, hadhira ya Meru itabakiwa na tamasha tupu.

Huenda ikapingwa kwamba tamthilia hii ni ya Wakikuyu pekee. Historia inakataa. Katika msako wa Nairobi wa 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru walichujwa kwa pamoja. Musa Mwariama aliongoza wapiganaji wa Mau Mau huko Meru. Katika mwongo uo huo, mpango wa kuunganisha vishamba na kutoa hatimiliki ulianza kuyagusa maeneo yote matatu. Kwa hiyo nyimbo za vita zilizomo katika tamthilia, na hofu ya kupokonywa hati, ni mali ya wote.

Ukumbi nao una historia. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, mzaliwa wa Baricho iliyokuwa wakati huo katika Wilaya ya Embu, ilipewa siku chache tu hapo, huku nafasi ikitengewa futuhi ya muziki ya Kimarekani, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ waliigiza Ngaahika Ndeenda hadharani kuanzia tarehe 2 Oktoba. Kibali kilifutwa tarehe 16 Novemba, na Ngũgĩ akakamatwa tarehe 31 Desemba. Kurejea kwa tamthilia katika ukumbi huo ni ushindi, ila ni ushindi wenye kuta na tiketi. Kamĩrĩĩthũ hadhira ilihudhuria hata mazoezi na kuwakosoa waigizaji.

Ngũgĩ alifariki Mei 2025. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ipo. Hatua inayofaa sasa ni kuiigiza kazi hii katika viwanja vya Embu na Meru, Gĩtiiro ikisikika pamoja na Kiswahili. Watu wakicheka wakati wa posa na kunyamaza wakati wa mnada, tamthilia itakuwa imefika.