Kila Julai, Chupa Ileile

Chupa ni ya kioo, na kifuniko chake ni cha kioo pia. Mpira mwembamba huingizwa mpaka chini kabisa, maji yaliyotekwa karibu na sakafu ya bahari hutiwa polepole, kisha huachwa yafurike, kwa sababu yale ya mwanzo yameshagusana na hewa. Kipovu kimoja kikibaki ndani, kazi imeharibika. Halafu huongezwa dawa mbili. Maji yenye oksijeni hufanya mashapo ya kahawia. Yasiyo nayo hubaki meupe kama tui. Ikitiwa asidi, kahawia hugeuka manjano, na hapo huanza kudondoshwa dawa nyingine, tone kwa tone. Manjano ikikaribia kupotea huwekwa wanga, maji yanakuwa buluu, na mpimaji hukodoa macho asilipitishe tone linaloifuta buluu hiyo. Kiasi cha dawa kilichotumika ndicho kinachosema oksijeni ilikuwa kiasi gani.

Njia hii aliibuni mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888. Siku hizi vipo vifaa vya umeme vinavyotoa jibu papo hapo, na Nancy Rabalais, mwanabiolojia wa bahari wa Marekani, anavitumia. Ila timu yake imekuwa ikivikagua kwa chupa za Winkler. Mtu mwenye haraka asingejisumbua.

Tangu 1985, Rabalais na wenzake, akiwemo mumewe Eugene Turner, wamekuwa wakipima Ghuba ya Mexico mbele ya pwani ya Louisiana. Karibu kila mwaka, katikati ya kiangazi, meli ya utafiti huanzia upande wa mdomo wa Mto Mississippi na kuelekea magharibi, Texas. Huingia kina kirefu, hurudi ufukweni, huingia tena, usiku na mchana kwa muda wa kama wiki moja, na vituo ni vilevile vya miaka iliyopita. Chombo kikubwa cha kupimia cha meli hakishushwi mpaka chini kabisa, kisije kikajipigiza kwenye matope. Kwa hiyo hushushwa kingine kidogo, kwa mkono, kumalizia mita ya mwisho. Mita hiyo ndiyo yenye habari. Samaki wa chini, kaa na kamba huishi humo, na humo ndimo oksijeni huanza kwisha.

Chanzo kiko mbali na bahari. Mississippi na matawi yake hukusanya maji ya asilimia 41 hivi ya Marekani, ukiacha Alaska na Hawaii, pamoja na nitrojeni ya mbolea inayooshwa kutoka mashamba ya mahindi ya Iowa na Illinois. Maji ya mto ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi. Mwani mdogo hushiba nitrojeni, huzaana kupita kiasi, hufa na kuzama. Bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya chini, na tabaka la juu linazuia nyingine isishuke. Ikipungua chini ya miligramu 2 kwa lita, eneo huhesabiwa kuwa limekufa. Kiwango hicho kina asili yake kwenye nyavu: chini ya hapo, nyavu za kukokota hazipati samaki wala kamba.

Wapo waliodai kwamba hali hiyo ni ya tangu zamani. Watafiti hawa hawakuishia kujibizana nao. Walichimba matope ya chini ya bahari, tabaka kwa tabaka, wakachunguza mabaki ya viumbe wadogo wenye magamba. Matope yakaonyesha kwamba oksijeni ilizidi kupungua baada ya miaka ya 1950, wakati mbolea ilipoongezeka.

Kinachonivutia zaidi ni ule urefu wa rekodi. Mwaka 1988, wakati wa ukame, mto ulileta maji machache na eneo lililokufa likawa la kilomita za mraba 40 hivi tu. Mwaka 2017 lilifika 22,730. Aliyepima mwaka wa kwanza peke yake angesema hakuna tatizo, na aliyepima wa pili peke yake angetangaza kiama. Sisi huwapenda wanasayansi wa ugunduzi wa ghafla, wenye hadithi inayosimulika kwa dakika moja. Kurudia kipimo kilekile mahali palepale, huku ukiomba fedha za meli upya, hakuna anayekutungia hadithi. Heri tuzo ya MacArthur ya mwaka 2012 ilimwona Rabalais.

Na kipimo hicho kimewanyima wakubwa kisingizio. Mwaka 2001 serikali kuu na majimbo ya bonde la mto walikubaliana kwamba, ifikapo 2015, wastani wa miaka mitano uwe umeshuka chini ya kilomita za mraba 5,000. Mwaka 2015 ulipofika, eneo lililopimwa lilizidi 16,000. Lengo halikubadilishwa, tarehe ndiyo iliyosogezwa, mpaka 2035.