Hewa ya Mazuku na Joho la Dawa

Mkaazi wa Goma hana haja ya kufundishwa hatari ya hewa ya ukaa, maana tangu utotoni ameonywa asichezee kwenye mabonde ya mazuku, ambamo hewa hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hii tuivutayo, hutuama bila rangi wala harufu na kuua mbuzi na binadamu pia. Na katika vilindi vya ziwa Kivu zimeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa iyo hiyo. Huenda akastaajabu, basi, kusikia kwamba huko Angers, Ufaransa, wataalamu akina Joël Richard na Jean-Pierre Benoit walitangaza mwaka 2002 jinsi walivyoitumia kuzivika chembe za dawa joho la mafuta.

Shida iliyowakabili ilikuwa dhahiri: protini, mfano wa ile albumini ya damu ya ng'ombe waliyoifanyia majaribio, huharibiwa na moto, na viyeyushi vya kikemia huacha mabaki ndani ya dawa. Hewa ya ukaa, ikishapita joto la nyuzi 31 na shinikizo la baa 74, si hewa tena wala si kioevu kamili, bali hupenya kama hewa na kuyeyusha mafuta kama kioevu. (Hali hiyo haipatikani hata kwenye sakafu ya Kivu, kwani kina chake cha mita 485 hivi hakileti zaidi ya baa 50.) Chembe na mafuta hutiwa pamoja katika chungu cha chuma kinene, hewa huingizwa na kushindiliwa, vyote vikakorogwa kwa joto lisilozidi sana lile la mwili, mafuta huyeyuka, protini haiyeyuki, kisha shinikizo hupunguzwa, hewa hushindwa kuyabeba mafuta, nayo hutua juu ya chembe, na chungu kikifunguliwa hutoka unga mkavu.

Wengi huisifu njia hii kwa usafi wake, lakini kwa rai yangu siri imo katika namna mafuta yanavyoganda. Mafuta ya trimiristini yaliganda sindano sindano, maji yakapenya katikati yake kama mvua katika makuti yaliyoezekwa ovyo, na protini ikamwagika upesi. Gelucire 50/02, ambayo ni mchanganyiko wa mafuta kadhaa, ilitanda laini, ikaichelewesha protini hata saa 24.

Kwa vidonge mambo ni mengine. Selulosi zinazovikwa vidonge kwa kawaida haziyeyuki katika hewa ya ukaa, kwa hiyo hunyunyizwa pamoja na maji na kukaushwa kwa hewa moto. Na kwinini, ambayo Pharmakina ya Bukavu huitoa katika magome ya sinkona, ijapokuwa uchungu wake wadai kufunikwa, haiogopi joto hilo, wala haioni sababu ya kugharimiwa chungu cha baa 200.