Kadogo, Maibobo, Shege: Uhakiki wa Majina ya Mtoto wa Barabarani

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii aghalabu husomwa kama onyo kwa mzazi. Yafaa isomwe pia kama onyo kwa msemaji, kwani malezi huanza na jina. Katika makala haya mafupi tunahakiki majina ambayo Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na cha majirani zetu, huwapa watoto waishio barabarani. Hoja yetu ni kwamba mengi yao hutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Tuanze na "kadogo". Pale ambapo Kiswahili sanifu chasema "kidogo", Kiswahili chetu, kama lugha kadhaa za Kibantu za jirani, hutumia ka- katika umoja na tu- katika wingi: katoto, tutoto. Kiambishi hicho hubeba huba na dharau pamoja. Katika vita vya AFDL vya 1996 na 1997, "kadogo" likawa jina la mtoto mwenye bunduki. Udogo ulibaki katika neno, utoto ukatoweka. Jina lenye sauti ya kubembeleza lilificha kosa ambalo, mwaka 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia nalo hatiani Thomas Lubanga: kuandikisha vitani watoto walio chini ya miaka 15.

"Shege", la Kinshasa, lina asili yenye ubishi. Wengine hulihusisha na neno la Kihausa lenye maana ya mwana haramu. Wengine na Che Guevara, ambaye kati ya Aprili na Novemba 1965 alikuwa katika milima yetu ya Fizi. Tazama umbali uliopo baina ya maelezo hayo mawili: mtoto yule yule ni haramu kwa huyu na shujaa kwa yule. Hakuna anayemwita mwanafunzi aliyekosa karo. "Chokoraa" la Kenya nalo latukumbusha kitenzi "chokora": mtoto ameitwa kwa kile ambacho njaa humfanyisha jalalani.

Je, "mtoto wa mitaani" si jina la adabu zaidi? Ni la adabu, lakini kihusishi "wa" hueleza umilikaji na asili, kama katika "mtoto wa Fulani". Mtaa umefanywa mzazi, na mzazi wa kweli, mjomba na jirani wametolewa katika sentensi.

Sheria yetu imetangulia lugha yetu. Amri ya 1950 ilizungumzia utoto mhalifu, Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 humtaja mtoto anayekinzana na sheria. Humhesabu aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kubebeshwa jukumu la jinai, na humwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, tuhuma ambayo imewafukuza wengi nyumbani. Lakini sokoni Baraka, au kwetu Swima, mtoto wa miaka 12 abebaye mizigo ya abiria wa mitumbwi huitwa "maibobo". Kitu kikipotea, jina hilo hutosha kuwa ushahidi, na kipigo hufika kabla ya hakimu.

Itasemwa kwamba jina jipya halishibishi tumbo, na kwamba watoto wenyewe huyavaa majina hayo kwa fahari. Yote mawili ni kweli. Fahari hiyo ni ngao, nasi hatuna haki ya kumpokonya mtoto ngao yake. Lakini ngao yake si kibali chetu. Anachojiita kwa wenzake usiku si lazima kiandikwe na mwalimu, mtangazaji au polisi.

Pendekezo letu ni la kisarufi. Tuache nomino, tutumie kitenzi chenye kirejeshi: mtoto aliyefukuzwa, aliyeachwa, aliyekimbia vita, aliyeingizwa jeshini. Nomino hufunga mjadala. Kitenzi cha kutendwa hudai mtenda. Anayesema "maibobo" amemaliza maneno yake. Anayesema "mtoto aliyefukuzwa" lazima aulizwe: amefukuzwa na nani? Swali hilo ndilo tunalolikwepa, kwa kuwa jibu lake mara nyingi limekaa nasi mezani.