Wanaookolewa Nao Wana Mikono

Filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zimefika hata kwetu Mwazye. Vijana wetu huzitazama kwenye mabanda ya video na kwenye simu. Mji mkubwa unavamiwa, magari yanarushwa, watu wanakimbia huku wakipiga kelele. Kisha mmoja anashuka kutoka juu, nao wanaokoka. Hatuandiki ili kuwakataza vijana filamu hizo, maana zinafundisha kwamba mwenye nguvu ana wajibu kwa mnyonge. Tunauliza jambo moja tu: hao wananchi wanaookolewa ni akina nani?

Mara nyingi hatuwajui. Katika Man of Steel ya mwaka 2013, Superman anapigana na adui yake mjini Metropolis, na maghorofa yanaporomoka moja baada ya jingine. Waliomo ndani, karibu wote, hatuoni hata nyuso zao. Raia wamekuwa kipimo cha ukubwa wa vita tu. Kazi yao ni kuogopa, kisha kushangilia.

Spider-Man 2 ya mwaka 2004 inatupa picha bora. Peter Parker anasimamisha treni iliyokuwa ikienda kasi kuelekea mwisho wa reli, nguvu zinamwishia, anazimia. Abiria wanamdaka asianguke, wanampokezana juu ya vichwa vyao na kumlaza chini. Adui anaporudi, wanasimama mbele yake kumkinga. Anawasukuma kando kwa urahisi, lakini walikwisha kusimama.

Hapa nchini tuliona jambo kama hilo, tena si katika filamu. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 waliokoka. Wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi yao, na baadaye umati wa watu ukaivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima, akapewa shilingi milioni 1 na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Lakini katika kumsifu mmoja, sisi nasi tulitengeneza filamu yetu: wenzake wa mitumbwini wakawa umati usio na majina. Naye mwenyewe alieleza kwamba kamba ilimpiga usoni, akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Aliyekwenda kuokoa alihitaji kubebwa na wengine.

Imani yetu inatuambia kwamba Mwokozi ni mmoja, na hakuna mvuvi wala shujaa wa filamu anayechukua nafasi yake. Hata hivyo, tumtazame Yesu kaburini kwa Lazaro. Yeye aliyeweza kumrudishia mfu uhai hakushindwa na jiwe wala sanda. Lakini jiwe aliwaachia majirani waliondoe, na sanda aliwaambia wao waifungue. Kwake watu wa kijiji hawakuwa watazamaji.

Nasi tujipime. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, mgonjwa akihitaji kufikishwa zahanati, au mjane akikosa wa kumlimia, mara ngapi tunasema, “Padre atajua la kufanya,” au, “Tusubiri mfadhili”? Huko ni kukaa kama wale raia wa Metropolis, tukitazama juu, wakati jirani yuko chini ya kifusi na sisi tuna mikono.

Kwa hiyo wazazi, watoto wakimaliza kutazama filamu, tusiwaulize tu ni shujaa gani waliyempenda. Tuwaulize wangefanya nini kama wangekuwa abiria katika treni ile. Kisha tuwatume wakamchotee maji bibi jirani, nasi twende nao.